Hilo Ulilovaa

Saa mbili kasorobo naikung'uta Dodoma
kutoka mabegani mwa mashati meupe.
Vumbi la hapa halipigi hodi;
usiku hupenya chini ya mlango wa chuma,
likapanda henga,
likakaa kwenye kola kama mdai.

Mama Sanga yuko kaunta, kalamu sikioni.
"Nyemo, leo utavaa hili."
Gauni la rangi ya zabibu iliyoiva, mzigo wa juzi,
lebo ya bei imesukumwa ndani ya shingo
inikune mpaka jioni.
Sanamu tunazo mbili, moja haina mkono.
Mimi ni ya tatu, ile inayojibu maswali.

Karibu dada, karibu kaka, kuangalia ni bure.
Ndogo yake ipo, kubwa yake ipo,
haichuji, mama, mimi mwenyewe ninalo nyumbani —
uongo mdogo wa dukani, hauandikwi kwenye daftari.
Huyu kiuno thelathini na nne, anataka thelathini na mbili.
Nampa thelathini na mbili wakabishane nyuma ya pazia,
nami nangoja hapa nje,
thelathini na nne nimeificha mgongoni.

Bunge limeanza. Wa suti wanaitaka jana.
Wanachuo wanavaa, wanajipiga picha, wanavua,
"Tutarudi."
Nakunja. Nakunja tena nilichokikunja.
Kiti ni kimoja, na ni cha wateja.

Saa sita akaingia mzee wa Mvumi, ameshika uzi.
"Mbukwenyi," akasema,
tukaitikia wote, hata Mama Sanga, Mkinga wa Makete.
Uzi una mafundo mawili: la kiuno, la mguu.
Mwenye mwili yuko machungani, ng'ombe hawana Jumamosi.
Tukamtafuta kijana huyo katika rundo la suruali,
tukapima, tukakosa, tukapima,
tukampata: kijivu, elfu kumi na nane.
Mzee akaweka kumi na tano mezani, akanyamaza.
Kimya chake kikawa kirefu kuliko uzi.
Mama Sanga akatazama barabarani.
"Mfungie," akasema, kama anayemsema mtu mwingine.

Alasiri, visigino vikishajua kila kigae,
akaingia dada mmoja, gari nje linanguruma.
Akapita henga zote bila kuzigusa,
akasimama mbele yangu.
"Nataka hilo ulilovaa."
Yapo mengine, dada, hayajafunguliwa hata nailoni —
"Hilo hilo. Limekaa vizuri."
Nikamtazama Mama Sanga.
Macho yake yakasema: vua.

Nyuma ya pazia gauni lilinitoka kichwani likiwa na joto,
kiwiko changu bado kimejikunja mkononi mwake.
Nikalipitishia pasi, nikakipoteza kile kiwiko,
nikanyunyiza marashi ya dukani palipo na mimi zaidi.
Nikavaa blauzi yangu, ile ya kifungo kisichofanana,
nikatoka nalo, limelala mikono kifuani.

Elfu sitini na tano. Siku zangu kumi na moja.
Dada akalipa bila kuuliza mara mbili,
akapokea mfuko kutoka mkononi mwangu,
akaangaza huku na huku dukani.
"Yule msichana aliyekuwa amelivaa yuko wapi?
Nilitaka nimpe ya soda."

Sanamu zikanitazama, zote mbili.

"Ametoka kidogo," nikasema.
"Basi mpe hii." Noti ya elfu mbili.
"Mwambie ana mwili mzuri."
Nikasema nitamfikishia.

Usiku huu, Nkuhungu, maji ya ndoo ni ya baridi,
upepo wa Juni unatikisa bati la jirani.
Shingo inawasha pale ilipokuwa lebo.
Noti iko juu ya meza, nimeiwekea kikombe isipeperuke.
Nimejitazama katika kioo cha ukutani,
kile kinachoonyesha uso tu.

Sijamwona bado nimpe.